Mlango wa Njia: Kivuko cha Malagarasi na Nchi za Kubuni

Katika hadithi za nchi za kubuni, njia nyembamba ipitayo kati ya milima hupendwa sana na waandishi. Jeshi hukwama hapo, shujaa hujaribiwa hapo, na aishikaye njia hiyo huishika nchi nzima. J. R. R. Tolkien, katika The Lord of the Rings (1954–1955), awapandisha wasafiri wake mlima Caradhras. Theluji yawashinda, nao warudi kutafuta njia ya chini ya ardhi. Sura hiyo yatisha, lakini mzuiaji ni mlima tu. Hapana mtu aishiye kwa njia ile.

Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji haikuwa na mlima wa namna hiyo. Mlango wake ulikuwa mto Malagarasi, katika nchi ya Uvinza. Mtawala wa hapo hakuhitaji boma la mawe ili kuwasimamisha wapitao. Mitumbwi na wavushaji walimtosha. Tena Uvinza palikuwa na chemchemi za chumvi, ambazo wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kuwa zilitumika kwa zaidi ya miaka 1,000. Watu walizijia wakati wa kiangazi wakachemsha maji yake, kwani masika mafuriko yalizifunika. Basi mahali pale palikuwa kipito kwa mgeni, na kwa mwenyeji palikuwa riziki.

Richard Burton alivuka mto huo mwaka 1858, na kitabu chake kikatoka mwaka 1860. Henry Stanley alifika Ujiji mwaka 1871. Vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida, ikambidi azunguke kusini. Na alipokwisha kutoa hongo mara kwa mara katika Uha, aliutorosha msafara wake usiku. Kwa usimulizi, kisa hicho kimefaulu: msomaji hunyata pamoja na wapagazi. Dosari yake ni kwamba mtoza hongo hana nyumba, hana shamba, wala hana hoja. Yupo ili azuie tu. Mpita njia huuandika mlango kama kizuizi, na mwenyeji huujua kuwa ni kizingiti cha nyumba yake. Msomaji aliyezoea maandishi ya wapitaji hujifunza kuitazama hata nchi yake mwenyewe kwa macho ya mgeni mwenye haraka.

Shaaban Robert alikwenda njia nyingine katika Kusadikika (1951). Nchi yake yaelea angani, haina mto wa kuvuka. Wajumbe sita waenda pande sita, warudi na habari za manufaa, nao watiwa gerezani. Mlango mgumu ni ule wa kurudia, na walinzi wake ni watu wenye vyeo, hofu na masilahi. Kwa sababu hiyo nchi isiyo na ardhi yasadikika kuliko mlima wenye theluji.

Hata hivyo haifai kumgeuza mwenye kivuko kuwa mtakatifu. Njia ileile ilipitisha pembe na watumwa, na hongo ilitozwa misafara hiyo pia. Mwandishi mwema atauonyesha ukweli huo pamoja na haki ya mwenyeji, wala hatauficha mmoja kwa ajili ya mwingine.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, msafiri wa kwenda ziwani hakulazimika tena kumngoja mwenye mtumbwi. Mto ulibaki palepale. Haja ya kuuvuka kwa hisani ya mwenyeji ndiyo iliyoondoka. Hapo pana somo kwa mwanafunzi abuniye nchi yake mwenyewe. Kabla ya kupima urefu wa milima, na aulize nani alala kando ya njia, anakula nini msafara usipopita, na atafanya nini siku wasafiri watakapopata njia nyingine.