Juu ya kitabu cha vijana wa Barbiana

Katika mwezi wa tano mwaka 1967 kilitokea kule Firenze, katika Italia, kitabu kidogo kiitwacho Lettera a una professoressa, maana yake Barua kwa Mwalimu Mwanamke. Waliokiandika ni vijana wanane wa Barbiana, mahali pa milimani, wakiongozwa na padri wao, Lorenzo Milani, aliyekufa mwezi uliofuata.

Kitabu chauliza: kwa nini mtoto wa mkulima hurudilia darasa, na mtoto wa daktari hupita? Kwa sheria ya mwaka 1962 Italia ilikuwa imeweka masomo ya namna moja kwa watoto wote mpaka miaka 14. Mlango ulifunguliwa. Lakini vijana wale walihesabu walioanza na waliofukuzwa, wakaona kwamba wanaoanguka ni hasa maskini. Hawakukosa akili, walikosa maneno. Kwani luga ya masomo ndiyo luga ya nyumbani kwa tajiri.

Siku hizi twasikia fundisho lingine: kila mtoto ana namna yake ya kujifunza, huyu kwa macho, huyu kwa masikio, huyu kwa mikono. Ni neno la kupendeza. Lakini mwaka 2008 wataalamu wanne, Pashler na wenzake, walipima uchunguzi uliokuwapo, wasione ushuhuda wa kutosha kwamba kugawanya mafundisho hivyo kwasaidia. Nasi twaogopa zaidi hili: mtoto maskini ataitwa «wa mikono», apewe jembe, na mwenzake apewe kitabu. Hapo ukosefu wa haki utaitwa tabia ya mtoto.

Barbiana walifanya kinyume. Walisoma gazeti pamoja, aliyejua alimfundisha asiyejua, na mwenye kuchelewa alingojewa.

Hata hivyo kitabu kina ukali usio wa haki: champiga mno mwalimu. Padri Milani alikuwa na watoto wachache, tangu asubuhi mpaka jioni, hata siku za mapumziko. Mwenye watoto 60 katika chumba kimoja hawezi kuiga yote.

Lakini jambo moja twaweza sote, mapadri, waseminari na wakatekista. Mtoto akinyamaza mbele ya swali la katekisimu, tusiandike upesi kwamba hana akili. Tumwulize tena kwa maneno ya nyumbani kwao, ndipo tutajua kama hakuelewa fundisho, ama hakuelewa luga yetu.