Kabla ya Uwanja wa Ndege: Nani Hupelekwa Kusoma Ng'ambo katika Fasihi Yetu?

Dhamira ya msomi aliyekwenda ng'ambo ni kongwe katika fasihi ya Kiafrika, na uhakiki wake nao umekuwa wa mazoea. Kila semina inapofika kwenye kazi hizi tunajua kitakachosemwa: mgongano wa tamaduni, mhusika aliyepoteza mizizi, Mwafrika asiye wa huku wala wa kule. Si uongo. Lakini uhakiki wa namna hiyo huanzia uwanja wa ndege, mhusika akiwa tayari ameshika pasi na tiketi. Maswali mazito yanabaki mlangoni: nani alimchagua? Nani alilipa? Na nani aliomba akaambiwa hapana?

Tuanze na riwaya ambayo wengi wetu tumeisoma, No Longer at Ease ya Chinua Achebe (1960). Obi Okonkwo anapelekwa Uingereza kwa paundi 800 za chama cha watu wa Umuofia. Wahakiki hukimbilia rushwa anayokuja kuila na kusema Uzungu umemharibu. Hebu tusome tena. Fedha zile ni mkopo, si zawadi. Tena wanachama wanataka asome sheria ili akirudi awasimamie kesi zao za ardhi. Yeye anasoma Kiingereza. Anarudi na deni la paundi 20 kila mwezi, juu yake kuna ada ya mdogo wake, wazazi, na gari la kulinda hadhi. Mgongano wa tamaduni upo, lakini mahesabu nayo yapo, na Achebe ametuwekea tarakimu makusudi. Mtoto wa tajiri angerudi na shahada ileile bila kamba shingoni.

Halafu kuna Clara. Katika vitabu vyetu vya maswali na majibu Clara ni "mchumba wa Obi", basi. Watu husahau kwamba naye alikwenda Uingereza, akasomea uuguzi, akarudi na meli moja na Obi. Kwa hiyo riwaya ina wasomi wawili wa ng'ambo, ila uhakiki unamwona mmoja. Clara ni osu, mzawa wa ukoo uliotengwa. Cheti cha Uingereza hakikumfutia hilo: wazazi wa Obi wanamkataa, na Obi mwenyewe anashindwa kusimama naye. Hapa ujumbe wa Achebe ni mkali kuliko tunavyoufundisha. Safari ya masomo humpandisha yule ambaye jamii ilikuwa tayari kumpandisha. Aliyetengwa nyumbani anaweza kwenda majuu na kurudi, na bado akaukuta mlango umefungwa.

Msomaji asidhani haya ni ya Nigeria peke yake. Mwezi Septemba 1959 ndege iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya ilichukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda Marekani, na nyuma ya wengi wao kulikuwa na michango ya ndugu na vijiji, Umuofia kabisa. Wangari Maathai alifuata mwaka 1960 kwenda kusoma chuo cha watawa huko Atchison, Kansas. Katika tawasifu yake, Unbowed (2006), anasimulia jinsi walivyosimama njiani, jimbo la Indiana, kununua kinywaji baridi. Yeye na mwenzake wakaambiwa hawawezi kukaa mkahawani, wakanywee nje. Chuo kilikuwa kimempokea vizuri. Nchi ilikuwa bado. Nadhani hapo ndipo tofauti kati ya kupokewa na kushirikishwa inapoonekana bila kuhitaji nadharia.

Aliyeishughulikia tofauti hiyo kifani ni Ama Ata Aidoo katika Our Sister Killjoy (1977). Sissie, binti wa Kighana, anaalikwa Ulaya, anajikuta Bavaria na vijana wa mataifa mengi wakipanda miche ya misonobari. Wanalishwa, wanachekewa, wanatazamwa. Kila rangi ipo, lakini hakuna anayewauliza wanaonaje. Aidoo anavunja nathari kwa mistari ya kishairi inayokatiza masimulizi, na baadhi ya wasomaji wamelalamika kuwa kitabu hakijui kama ni riwaya au ushairi. Mimi naona vipande vile ndiyo sauti ya Sissie ambayo wenyeji wake hawakuitafutia nafasi. Mwandishi kaipa nafasi ndani ya ukurasa.

Mpaka hapa tumezungumzia fedha, jinsia na rangi. Kuna mlango mmoja ambao semina zetu hazijawahi kuugusa. Mwanadarasa mwenzangu, asiyeona, aliomba nafasi ya muhula mmoja katika programu ya kubadilishana wanafunzi. Alama zake zilikuwa juu ya zangu. Jibu alilopata lilikuwa la upole: afadhali angoje, mazingira ya kule "yatamsumbua", na gharama ya msaidizi haimo kwenye bajeti. Hakuna aliyemuuliza anahitaji nini. Wenzetu wengine walikwea pipa, yeye akabaki.

Siku zile ndipo nilipokuwa nasoma, kwa tafsiri, al-Ayyam ya Taha Hussein wa Misri. Ni ajabu kwamba kazi hii haimo katika orodha zetu za fasihi ya Kiafrika, eti kwa kuwa ni ya Kiarabu. Juzuu ya kwanza, iliyotoka kama kitabu mwaka 1929, inaanza na mtoto kipofu kijijini na ua wa matete ambao kwake ndio mwisho wa dunia. Katika juzuu ya tatu mtoto yule ni kijana anayetaka kupelekwa Ufaransa na chuo kikuu cha Misri. Ua sasa ni kanuni za chuo. Aliomba zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa. Mwaka 1914 alipata udaktari wake Misri, kwa tasnifu juu ya al-Ma'arri, mshairi kipofu mwenzake, akaenda Montpellier, baadaye Paris, akajifunza Kilatini, akaandika tasnifu nyingine juu ya Ibn Khaldun.

Ulimwengu wake msomaji anaupata kwa sauti na mguso, na mwandishi anajiita "yeye", kana kwamba anamtazama mtu mwingine. Ufaransa inamjia kwa sauti pia: ya Suzanne, msichana aliyemsomea vitabu na baadaye akawa mkewe. Wapo wanaoyasoma haya kama kisa cha mapenzi tu. Yasomwe pia kama hoja. Tofauti kati ya Taha Hussein aliyeshindwa na Taha Hussein tuliyempata ilikuwa mtu wa kumsomea. Huruma isingemfikisha popote. Na mwanafunzi huyo "mwenye gharama" ndiye aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Misri mwaka 1950 na kufungua shule za sekondari bila ada.

Najua pingamizi litakuja: nafasi ni chache, wapewe walio bora. Sawa. Lakini Obi alikuwa bora kwa mtihani, na bado waliomchagua walikuwa na kesi zao za ardhi. Ubora haujawahi kuchagua peke yake. Daima kuna mkono wa mtu, bajeti ya mtu, hofu ya mtu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinagusa hata elimu ya juu. Karatasi tunazo. Tusichokuwa nacho ni mazoea ya kuuliza.

Kuuliza ndiyo kazi ya mhakiki. Al-Ayyam iingizwe kwenye orodha yetu, na katika mtihani ujao juu ya dhamira hii swali lisiwe tena "Jadili mgongano wa tamaduni". Liwe: taja ambao mwandishi hakuwapandisha ndege, na useme kwa nini.