Sheria ya Simu Ikisomewa Tarbaj

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 imejengwa kwa ustadi kuliko watu wanavyodhani. Tazama kifungu cha 2 kinavyoeleza mfumo wa simu ni nini. Kinaanza na nguvu zinazotumika, za umeme na za sumaku. Kinafuata kinachobebwa, yaani maneno, muziki, picha, data. Kisha, ndani ya mabano, kinaongeza kuwa ishara zaweza kupita baina ya mtu na mtu, kitu na kitu, au mtu na kitu.

Orodha hiyo inakaribiana sana na ile ya sheria ya Uingereza ya 1984, na ni rahisi kuiruka. Kwangu, mabano hayo ndiyo moyo wa kifungu. Wajir, kaunti yenye Tarbaj, ni kati ya kaunti ambako visima virefu vimefungwa vihisi vya kutuma habari za pampu kupitia mtandao wa simu au setilaiti. Pampu haimpigii mtu simu, lakini sentensi ya 1998 ilikwisha kuiwekea nafasi.

Vitenzi ndivyo vinavyonitatiza. Kifungu cha 24 hukataza kwanza, ruhusa ikaja nyuma: mtu asiendeshe mfumo wala kutoa huduma, isipokuwa kwa leseni. Kanuni za 2010 za kuidhinisha vifaa zina mwendo huohuo: kifaa kisiunganishwe na mtandao wa umma kabla ya kukubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Uzito wote umeegemea kuunganisha. Aliyeandika alikuwa akiona nyumba yenye soketi ya simu ukutani: ndani ni mali ya mwenye nyumba, nje ni ya umma.

Tarbaj, kwenye njia ya Wajir kwenda El Wak, ukuta huo hauonekani. Kabla ya simu za mkononi, Wasomali wa kaskazini mashariki walitegemea taar, redio ya masafa marefu. Jamaa huitwa, akaja, akazungumza na wa mbali huku waliopo wakisikia. Mtambo ni wa mtu binafsi na haujagusa waya wa yeyote, ila maneno yake yanapokelewa na kila aliye kwenye masafa hayo. Je, ni laini ya binafsi au ya umma? Kifungu cha 35 hakijishughulishi na swali hilo: kutumia redio ya mawasiliano kunahitaji leseni, basi. Ni sentensi isiyohitaji ukuta, na msomaji wa Tarbaj angefaa kuanzia hapo.

Bado kuna anayekosekana. Kanuni za 2010 zinasema na anayeingiza kifaa nchini na anayekiuza. Simu ghushi zilipozimwa kote nchini mwishoni mwa Septemba 2012, aliyebaki na kifaa kisichoita alikuwa mnunuzi. Sentensi ambayo ningependa kuikuta humo ni ile inayomtaja yeye, na kusema nani atamrudishia pesa zake.