Neno "Ukarabati" Katika Hati za Mafundi wa Nyumba

Miongoni mwa maneno yaliyobebeshwa mzigo usio wao katika Kiswahili cha mjini, neno ukarabati lina haki ya kulalamika kwanza. Mwenye nyumba wa Tandika akipaka rangi sebule yake, husema anakarabati. Jirani yake akibomoa ukuta wa udongo na kusimamisha wa matofali ya saruji, naye anakarabati. Wa tatu, mkaazi wa Tandale, akiongeza vyumba viwili uani na kuukata ukuta wa mbele ili apate mahali pa duka, hati anayoandikiana na fundi huitwa vilevile "Makubaliano ya Ukarabati wa Nyumba". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ulegevu huu haudhuru ufasaha peke yake; unakula fedha za watu, na aghalabu unawakosanisha waliokuwa wakisikilizana.

Lawama isiwaangukie mafundi peke yao. Taaluma ya majenzi tuliyoirithi inachukulia kwamba nyumba hujengwa, ikamalizika, ikakaliwa, kisha ikachakaa, ndipo ikatengenezwa. Nyumba ya Mbagala au ya Bunju haifuati mpango huo. Huanza kwa vyumba viwili. Wenyewe huhamia madirisha yakiwa yamezibwa kwa mbao. Lipu hupigwa mwaka huu ndani, mwaka ujao nje. Na kabla dari halijawekwa, ukuta wa uani umekwisha kupata nyufa. Mradi wa viwanja vyenye huduma wa miaka ya 1970, uliotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia huko Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, pamoja na uboreshaji wa Manzese, ulitegemea mwenendo huu huu wa mwananchi kujijengea kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake. Basi ujenzi na matengenezo hukutana chini ya paa moja kwa wakati mmoja, na si ajabu neno moja likatwishwa yote.

Lakini kutoshangaa si kukubali. Mafundi wa vyombo vya baharini walikuwa na hekima zaidi: kuziba nafasi za mbao kwa pamba ni kukalafati, na kupaka mafuta yaliyochanganywa na chokaa chini ya chombo ni kutia deheni. Nahodha aliyeagiza moja hakudaiwa malipo ya jingine. Sisi wa nchi kavu tungefanya vyema kuyagawa maneno tuliyo nayo kabla ya kutamani mapya. Matengenezo yawe kazi ndogo za kutunza: kubadili kitasa, kuziba panapovuja, kupaka rangi. Ukarabati uwe kukirudisha katika uzima wake kilichoharibika, bila kubadili umbo la nyumba. Upanuzi uwe kuongeza chumba, baraza au ghorofa. Na palipobomolewa pakasimamishwa pengine, tuseme ujenzi upya bila haya. Mpaka huu una uzito hata mbele ya serikali, maana anayeongeza vyumba anapaswa kuomba kibali cha ujenzi kwa halmashauri ya manispaa yake, iwe Kinondoni au Temeke, na anayepaka rangi hana haja nacho. Mtu anayeuita upanuzi wake ukarabati huenda asitambue kabisa kwamba kibali kilimhusu.

Ndani ya hati zenyewe mambo ni mazito zaidi. Chukua kitenzi kupaua. Kwa asili yake, kupaua ni kusimamisha miti au mbao za paa, na kuezeka ni kulifunika paa hilo kwa makuti, nyasi au mabati. Leo wengi husema kupaua wakiwa na maana ya kazi zote mbili. Hati ikiandika tu kwamba fundi "atapaua nyumba" kwa kiasi fulani cha fedha, fundi aweza kuhesabu kenchi na papi, na mwenye nyumba akahesabu mpaka kofia ya bati ya mwisho. Mabati yanapowasili ndipo ugomvi huanza, na kila mmoja ana Kiswahili cha kumtetea. Hapa hatuhitaji istilahi hata moja mpya. Tunahitaji kuezeka kurudishiwe kazi yake.

Neno fremu ni hatari zaidi. Kwa seremala ni mbao zinazoushika mlango au dirisha. Kwa mwenye nyumba aliye kando ya barabara, fremu ni chumba cha mbele cha kupangisha kwa biashara. "Kuweka fremu mbili" yaweza kuwa kazi ya asubuhi moja au ya miezi miwili. Kwa kuwa maana zote mbili zimeshika mizizi na hakuna amri itakayozing'oa, yafaa hati ziseme fremu ya mlango na chumba cha duka. Neno boma nalo limehama: kutoka ngome na makao ya serikali limekuwa nyumba iliyosimama kuta bila paa. Hilo tuliache liishi. Linajaza pengo, na sikumbuki jingine lililo fupi kama hilo.

Upande wa kupanga gharama, istilahi za ofisini zimekaa vizuri. Ipo Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na jina lake lasomeka bila kamusi. Ila mwenye nyumba wa Yombo hamwajiri mkadiriaji majenzi. Karatasi aliyo nayo ameandikiwa na fundi, yenye nondo, kokoto, mifuko ya saruji, na mwishoni mstari wa "ufundi", yaani malipo ya kazi ya mikono. Fundi huiita makadirio. Mwenye nyumba huisoma kama bei. Anayekadiria amekiri kwamba kiasi chaweza kubadilika, anayetaja bei amejifunga. Karatasi hiyo haina budi kusema ni ipi kati ya hizo mbili, na kama ni makadirio, itenge akiba ya dharura kwa jina hilo, isifichwe ndani ya "mengineyo", neno ambalo halijapata kumnufaisha ila aliyeliandika.

Vipimo navyo ni mtego. "Tripu ya mchanga" haina ujazo hata gari litajwe, na toroli la fundi mmoja si la mwingine. Wafyatua matofali wametushinda hapa: wao hutaja idadi ya matofali yatakayotoka katika mfuko mmoja wa kilo 50, na kwa hesabu hiyo peke yake mnunuzi hujua ubora atakaoupata.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hati zilizotiwa saini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, zikiwa na kupaua na fremu ndani yake, zitafafanuliwa kwa Kiswahili na hakimu atakayetafuta kamusi. Kwa hiyo tunapendekeza kielelezo cha hati ya kurasa mbili, kiandaliwe na wataalamu wa istilahi wakiwa wameketi pamoja na mafundi wa Temeke na Kinondoni, na kwanza kabisa kiamue kama lenta ni ile ya juu ya mlango tu, au ni mkanda wa zege unaoizunguka nyumba nzima.