Kete, Silabi na Kamusi Bubu: Mvuto wa Michezo ya Maneno katika Mashine za Mkononi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekwisha kukubali, japo kwa kusitasita, kuwa kitendawili, fumbo na kinyume ni tanzu zinazostahili kuchunguzwa kwa makini sawa na utenzi au riwaya. Hisani hiyo haijamfikia bado jamaa yao wa zama hizi, yaani mchezo wa maneno unaochezwa kwenye mashine ndogo ya mkononi. Makala haya yanakusudia kuuliza ni kitu gani katika mchezo wa aina hii kinachomnasa mchezaji, na mvuto huo unaegemea dhana gani ya neno. Tunadai kwamba michezo iliyo mashuhuri zaidi imejengwa juu ya dhana isiyoafikiana na Kiswahili, na kwamba tofauti hiyo haiishii kwenye ufundi. Inagusa suala la nani mwenye mamlaka ya kusema kuwa neno ni neno.

Tuanze na herufi. Scrabble, ambayo imewahi kutolewa kwa Game Boy na kwa mashine zilizoifuata, ilibuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, aliyehesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi ni adimu na ipi ni tele. Katika seti ya Kiingereza, kete ya K ni moja tu na ina thamani ya alama 5. Mchezaji wa Kiswahili aliyepewa seti hiyo hawezi kuandika hata "kuku" pasipo kuazima kete tupu, ilhali Q na X, zenye alama nyingi, zitamkalia mkononi kama deni. Thamani ya herufi, basi, si sifa ya herufi yenyewe. Ni takwimu ya lugha fulani iliyogeuzwa kuwa sheria.

Bookworm, mchezo wa kampuni ya PopCap uliotoka mwaka 2003 na baadaye ukahamia kwenye mashine za mkononi, unazidisha jambo hili kwa namna ya kuvutia. Mchezaji huunganisha herufi zilizopakana. Akiridhika na maneno mafupi, hutumiwa kete za moto zinazoteketeza zilizo chini yake, na moja ikifika chini kabisa mchezo umekwisha. Hapa ufupi ni dhambi na urefu ni wokovu. Kwa mzungumzaji wa Kiingereza hukumu hii ina mantiki, kwa kuwa neno refu huwa ni neno la nadra, lililopatikana kwa kusoma. Katika Kiswahili urefu ni mali ya kila mtu. Chukua kitenzi "pika". Viambishi sita vya nafsi vikikutana na vinne vya njeo (na, li, ta, me) tunapata maumbo 24. Tukiingiza pikia, pikwa, pikika na pikisha, maumbo yanakuwa 120, na bado hatujagusa yambwa, ukanushi wala urejeshi. Mtoto wa darasa la kwanza husema "tumempikia" pasipo kujiona amefanya ushujaa wowote. Mashine inayohifadhi orodha ya maneno italazimika ama kuyaorodhesha yote, ama kufundishwa sarufi. Na ikifundishwa sarufi, raha ya kuokota neno adimu inatoweka, madhali kila mzizi unazaa maneno marefu bila kikomo cha maana.

Fauka ya hayo, mchezo wa kete za Kiingereza hupenda ncha ya mwisho ya neno, mahali ambapo S moja hugeuza umoja kuwa wingi. Kiswahili hufanya kazi hiyo mlangoni: kitabu, vitabu, mtoto, watoto. Mchezaji wake angesimama upande wa kushoto wa neno muda wote.

Je, mambo haya yanamaanisha kuwa mvuto wa michezo hii haututazami? La hasha. Ipo mifano mingine, nayo haikutoka Ulaya wala Marekani. Mnamo 2001 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Mojipittan, mchezo uliokuja kuingia katika mashine kadhaa za mkononi, na ambao toleo lake jingine lilitoka kwa Nintendo Switch mwaka 2020. Kete zake ni kana, alama ambazo kwa jumla husimamia silabi. Mchezaji huweka kete moja kwenye uga na kutazama maneno yakizuka kulia na chini kwa pamoja, mengine yakiwa ndani ya mengine, mengi ambayo hakuyatarajia. Starehe yake ni ya mtu anayegundua kwamba lugha imekuwa ikificha vitu mbele ya macho yake.

Starehe hiyo watu wa pwani yetu wanaijua. Kinyume, ambacho huhamisha silabi ya mwisho na kuitanguliza, hakichezei herufi hata kidogo. Kwa kanuni hiyo "kata" huwa "taka", "tatu" huwa "tuta", na "lima" (wahubiri wa kilimo wangefurahi) hutoa "mali". Silabi wazi za Kiswahili zinajitosheleza, zinahamishika, nazo hazikatai jirani. Kwa maoni yetu, mbuni atakayetaka kututengenezea mchezo wa maneno na aanzie kwenye kinyume, aiache Scrabble ipumzike.

Mfano unaostahili uhakiki wa kina zaidi ni Scribblenauts, kazi ya studio ya 5th Cell iliyotolewa mwaka 2009 kwa Nintendo DS. Shujaa wake, Maxwell, ana daftari. Mchezaji huandika jina la kitu kwa kalamu au kwa vibonye vya skrini, na kitu hicho hutokea. Nyota imenasa juu ya mti: andika ngazi uipande, au shoka uukate mti. Kamusi ya ndani ina maneno zaidi ya 22,000. Mvuto wake ni wa kale kuliko mashine yoyote, nao ni tamaa kwamba kutaja ni kuumba. Hata hivyo uumbaji huu una masharti. Mashine hupokea nomino za vitu vinavyoonekana; vitenzi na dhana kama haki au aibu hazina umbo la kuchorwa, kwa hiyo hazimo. Isitoshe, neno likiwa na maana zaidi ya moja, mashine humtaka mchezaji achague.

Hapo ndipo tunapotofautiana nayo. Andika "paa" katika mashine ya namna hiyo, nayo itakuuliza: mnyama, au sehemu ya nyumba? Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga mwanzoni mwa karne ya 19, alipata sehemu kubwa ya umbuji wake katika kukataa kuchagua. Neno moja hurudi katika ubeti kwa maana tofauti, na msikilizaji hupewa jukumu la kuzishika zote. Scribblenauts inaiona utata kuwa kasoro ya kuondolewa kabla mchezo haujaendelea. Katika ushairi wetu utata ndio mchezo wenyewe.

Suala la mamlaka halitenganishiki na upweke wa kifaa. Kitendawili hutegwa mbele ya watu. Aliyeshindwa hudaiwa mji, na jibu lisilotarajiwa linaweza kutetewa hadi hadhira ikubali. Mashine ya mkononi humwezesha mtu kushindwa pasipo kuchekwa, na hatuwezi kuidharau faida hiyo. Lakini hakimu wake ni orodha isiyosikia rai. Orodha ya Kiswahili ingetoka wapi? Ingechotwa katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, au katika mojawapo ya zile zilizoifuata. Mchezaji wa Mombasa akiandika "mtana" au "ndia" kwa lahaja iliyobeba sehemu kubwa ya urithi wetu wa ushairi, aghalabu angeambiwa kuwa hakuna neno kama hilo. Mwalimu anayesahihisha insha anaweza kuulizwa sababu, kioo hakiulizwi.

Toleo la pili, Super Scribblenauts la mwaka 2010, liliongeza vivumishi, hata mchezaji akaweza kuomba tembo mdogo wa rangi ya zambarau. Kiswahili kingefika nusu ya njia pasipo kivumishi chochote: mtu, jitu, kijitu. Lakini "kijitu" hakipimi kimo pekee, kinatweza. Mchoraji wa mashine hiyo angelazimika kuamua kama anachora mtu mfupi, au mtu wa kimo chochote jinsi anavyoonekana na anayemdharau.