"Kuoga Msitu" au "Kupunga Hewa Msituni"? Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa maneno yanayoletwa mezani petu siku hizi ili yatafutiwe visawe, limo moja lililozaliwa Japani. Mwaka 1982 Tomohide Akiyama, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Misitu ya nchi hiyo, alilitoa jina la shinrin-yoku kwa desturi ya kwenda msituni bila haraka, kutembea, kuketi, kunusa, kusikiliza na kutazama, kwa manufaa ya mwili na moyo. Shinrin ni msitu. Yoku ni kuoga. Neno hilo lilipofika Ulaya na Marekani lilifasiriwa neno kwa neno, na wafasiri wetu, ambao wengi wao hulipokea kwa njia ya Kiingereza, wameifasiri tafsiri hiyo neno kwa neno tena. Ndipo tukapata "kuoga msitu", "kuoga msituni" na "tiba ya msitu". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba visawe vyote vitatu vina kasoro, na kwamba kasoro hizo si za umbo la lugha peke yake.

Tuanze na asili. Mjapani alipolisikia neno hili kwa mara ya kwanza hakuwa na sababu ya kushangaa. Lugha yake ilikwisha kuwa na nikkoyoku, yaani kuota jua, na kaisuiyoku, yaani kuoga baharini. Neno jipya lilikuja kama ndugu wa tatu katika nyumba iliyokwisha jengwa. Kitenzi chetu "kuoga" hakina ukoo huo. Kwetu sisi anayeoga hutumia maji. Jua hatuliogi, bali tunaliota. Upepo hatuuogi, bali tunaupunga. Kwa hiyo "kuoga msitu" ni maneno mawili yaliyowekwa pamoja bila ya kujuana, na "kuoga msituni" humfanya msomaji atafute kijito, ndoo na sabuni.

Lakini upo upungufu mzito zaidi. Kiswahili kinayo maana nyingine ya kuoga isiyokuwa ya usafi, nayo ni "kuoga dawa". Mtu mwenye nuksi, au anayedhani amerogwa, huogeshwa dawa na mganga; na dawa hizo aghalabu hutoka msituni. Nilipata kukisoma kijarida kimoja cha ofisi, ambacho sitakitaja, kilichowaalika watumishi "kuoga msituni wakiongozwa na mtaalamu". Nilimsomea mzee mmoja tarishi sentensi hiyo, nikamwuliza ameelewaje. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kwani ofisi imeingiliwa na nini?" Mzee hakukosea. Msitu, kuoga na mtaalamu, kila neno kati ya hayo matatu lilimwelekeza kwa mganga. Aliyekosea ni mfasiri, aliyeangalia kamusi asiangalie watu.

"Tiba ya msitu" inakwepa kijito na sabuni, walakini inaleta hatari ya namna nyingine. Tiba ni ahadi ya kuponya. Je, uchunguzi uliofanywa unaruhusu ahadi hiyo? Mwaka 2010 wataalamu wa Japani walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika misitu 24, yaliyowahusu watu 280. Ilionekana kwamba mtu akiwa msituni mapigo ya moyo yalipungua, shinikizo la damu lilishuka, na kiasi cha kotisoli, kemikali ya mwili inayoongezeka wakati wa mfadhaiko, kilikuwa kidogo kuliko alipokuwa mjini. Matokeo haya si haba. Hata hivyo waliopimwa walikuwa vijana wa kiume wa vyuo vikuu, nao walitembea na kuketi kwa muda wa robo saa hivi kila mara. Hilo ni burudisho lililopimika. Si uponyaji wa maradhi. Mgonjwa wa shinikizo la damu akisoma katika kijarida cha serikali kwamba ipo "tiba ya msitu", na akaacha vidonge vyake, sisi tuliochagua neno hatutaweza kusema kwamba hayatuhusu. Mwingine atalielewa neno hilo kuwa ni magome na mizizi, naye atauliza achemshe mti gani.

Je, tulikope neno lenyewe, kama tulivyokopa judo na karate? Michezo hiyo ilikuja pamoja na walimu wake na mavazi yake, na jina likaingia pamoja na kitu. Kutembea msituni hakukuja na meli. Kwa hiyo naona shinrin-yoku ibaki katika maandishi yanayoeleza historia ya Japani, isipelekwe katika tangazo la kijijini. Wako pia waliopendekeza "kuota msitu", kwa kufuata "kuota jua". Pendekezo hili lina akili, lakini anayeota hutafuta joto, na msituni tunafuata ubaridi; tena msomaji wa kawaida atadhani kwamba mtu ameuona msitu usingizini.

Mimi napendekeza "kupunga hewa msituni". Yuko atakayesema kwamba hewa ni sehemu tu ya jambo, kwani macho na masikio yamo pia. Ni kweli, lakini anayekwenda Forodhani jioni kupunga hewa hafanyi kazi ya kuvuta pumzi tu. Hutazama majahazi, husikiliza watu, hupumzisha moyo, na hakuna anayemwuliza amepata faida gani. Maana tunayoitafuta imo tayari ndani ya kitenzi chetu. Tahadhari moja yapasa iwekwe: isiandikwe "kupunga upepo", kwani kutoka hapo hadi "kupunga pepo" ni hatua fupi, nasi tutarudi kwa mganga yuleyule tuliyemkimbia.

Yamesalia maneno mawili yanayofuatana na istilahi hii. Anayewaongoza watu asiitwe "kiongozi", neno lililokwisha elemewa na siasa, wala "mtaalamu", kwa sababu iliyoonyeshwa hapo juu. "Mwongoza matembezi" linatosha, nalo lina jamaa yake katika "mwongoza watalii". Na lile lengo la matembezi, ambalo wengine huliita "ustawi", naona liitwe "siha". Ustawi umezoeleka kwa jamii nzima, kama katika ustawi wa jamii. Siha ni ya mtu mmoja mmoja, nayo inahusu uzima na nguvu pasipo kuahidi dawa.

Basi tangazo lile la ofisi lingesomeka hivi: "Watumishi wanaalikwa kupunga hewa msituni kwa ajili ya siha, atakuwapo mwongoza matembezi." Nilirudi kwa yule mzee nikamsomea. Alicheka, akauliza kama usafiri utakuwapo. Nawaomba wafasiri, walimu na watumishi wenzangu wayajaribu maneno haya kwa wasomaji wao kwanza, kisha watuletee maoni kabla hayajapitishwa kuwa sanifu.