Usiku wa Kumbe

Bibi mmoja amesimama karibu na moto wa sebuleni. Bwana mmoja amejikalia kwenye kiti kirefu, ameegemea nyuma, anamtazama. Hawasemi kitu. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono, hakuna barua iliyodondoka. Lakini katika nyumba za watu wa tabaka lile, karne ya 19, mwanamume hakai bibi akiwa amesimama, isipokuwa wawe wamezoeana kupita mazoea yanayotajika. Isabel Archer anaingia, anaiona picha ile kwa nukta moja, kisha inavurugika. Bwana ni mumewe, Gilbert Osmond. Bibi ni Madame Merle, rafiki aliyewakutanisha. Henry James angeweza kumtafutia Isabel mjakazi mwenye maneno mengi, au shoga wa kumnong'oneza. Akampa kiti, basi.

Sura chache tu zinapita katika The Portrait of a Lady, riwaya ya mwaka 1881, hadi tufike ile ya 42, ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika kitabu hicho. Isabel anakesha peke yake katika jumba lao la Roma. Moto unazimika, mishumaa inaisha, saa inagonga kumi za usiku. Hajainuka, hajaandika hata mstari. Miaka mingi baadaye, akiandika dibaji ya riwaya hiyo, James alisema kwamba mkesha ule ndio bora kuliko yote yaliyomo kitabuni. Waandishi si mahakimu wa kuaminika wa kazi zao, lakini hapa nampa haki yake.

Kwani Isabel anatafuta nini? Ni msichana wa Albany, Marekani, aliyerithi pauni 70,000. Amemkataa lodi wa Kiingereza, amemkataa tajiri wa viwanda vya pamba, kwa kuwa alitaka kubaki huru. Halafu kwa uhuru huohuo, bila kusukumwa na mtu kwa alivyojua, akamchagua Osmond. Na Osmond hampigi. Hamfungii ndani. Farasi na gari vipo, aende atakako. Kosa lake machoni pa mume ni moja tu: ana mawazo yake mwenyewe.

Hapo ndipo kazi ya mwandishi inapokuwa ngumu, na ndipo ninapoanza kuupenda ufundi huu kama mtu anavyompenda fundi seremala kwa kiungo cha mbao kisichoonekana msumari. Mke anayepigwa unaweza kumwonyesha. Mke anayekimbia unaweza kumfuata njiani. Lakini mke ambaye amekaa mezani, amevaa vizuri, anamimina chai, na ndani yake anapigania kipande cha akili kisichomilikiwa na mtu, utamwandika vipi? Akisema kwa sauti, ameshavunja hali yenyewe. Msimulizi akimsemea, tumepata hotuba ya msimulizi.

Njia waliyoitumia waandishi wa karne ya 19, na ambayo Jane Austen alikuwa ameinoa mapema katika karne ile, ni sentensi ya nafsi ya tatu inayobeba sauti ya mhusika. Sisi tunaifahamu kwa sababu lugha yetu ina neno lake. Andika: alikaa kitandani, akavua hereni, akawaza kwamba alikuwa amekosea. Hiyo ni taarifa. Sasa andika: alikaa kitandani, akavua hereni. Kumbe! Miaka yote hii, na yeye akijiona mjanja. Nani amesema kumbe? Si msimulizi, maana anayejua yote hana haja ya kushtuka. Si mwanamke, maana hajafungua mdomo. Neno limetoka moyoni mwake likaingia kwenye ukurasa bila kupita kinywani. Waingereza hawana neno moja dogo la kubeba mzigo huo, ikabidi waujenge kwa mpangilio wa vishazi, swali lisiloelekezwa kwa mtu, na mapigo ya sentensi. Sura ya 42 ni kumbe moja iliyorefushwa usiku kucha.

Wengi tukitaja mada hii ya mke na uhuru wake tunakimbilia mlango wa Nora, yule wa tamthilia ya Ibsen ya mwaka 1879, anayetoka na kuubamiza. Mlango mzuri. Ila mimi huvutiwa zaidi na wanaobaki ndani, au wanaotoka wakajikuta ndoa imetoka nao, kama Helen wa Anne Brontë katika The Tenant of Wildfell Hall, 1848. Mumewe ni mlevi anayemfundisha mtoto mdogo pombe na matusi. Helen ana kipaji cha kuchora, anapanga kuuza picha zake apate nauli na riziki. Mume anaisoma shajara yake kwa nguvu, anachukua funguo, anatupa ubao wa rangi na brashi motoni. Tazama alivyochagua mwandishi: si kofi, ni rangi zinazoungua. Baadaye Helen anafanikiwa kumtorosha mwanawe, anajificha katika jumba bovu, na picha anazopeleka London anaziandika jina la mahali pasipo pake ili asifuatwe. Kazi ya mikono yake ni kweli, saini ni ya uongo. Anne alifariki mwaka uliofuata, na dada yake Charlotte akaona kwamba kuchagua mada ile lilikuwa kosa. Mimi naona ni Charlotte aliyekosea.

Hofu ya Helen ilikuwa na sababu. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, alichopata mke kwa jasho lake kilikuwa cha mume, na bunge halikuanza kuligusa jambo hilo kwa wake wote hadi mwaka 1870, likalimaliza kwa uzito zaidi mwaka 1882. Msomaji wa pwani yetu anaweza kushangaa kidogo. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa sheikh wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa namna ya kuishi na mume, na leo tunabishana kama ni utii au ni ujanja. Lakini yeye na binti yake, kwa sheria ya Kiislamu, walikuwa na mali ambayo mume hakuwa na haki ya kuigusa. Dhahabu ya mwanamke ilikuwa yake. Wenzao wa Uingereza walisubiri.

Ila si kila kifungo ni cha mali, na aliyelijua hilo kuliko wote ni George Eliot. Dorothea, katika Middlemarch iliyotolewa kwa sehemu 8 mwaka 1871 na 1872, ameolewa na Casaubon, msomi mzee ambaye kitabu chake kikuu hakitakwisha. Wiki 6 baada ya harusi analia peke yake Roma, na mwandishi anakiri kwamba hakuna atakayeiita hali hiyo msiba. Kisha anafanya jambo ambalo hunisimamisha kila mara. Anaanza sura kwa Dorothea, anajikatiza katikati, anauliza kwa nini iwe Dorothea tu, anaingia katika moyo wa mume. Tunaikuta hofu yake, haya yake, baridi yake. Mwandishi mdogo angemwacha awe zimwi. Lakini zimwi ni rahisi kumchukia, na mke anayemchukia zimwi hana la kuchagua.

Usiku mmoja Casaubon anamwomba ahadi: kwamba akifa, atafuata matakwa yake. Matakwa gani? Hasemi. Dorothea anaomba muda hadi kesho. Ni ombi dogo sana, na Eliot analipa kurasa nzima, mwanamke macho kwenye giza, akipima huruma yake dhidi ya maisha yake. Asubuhi amechoka, ameshaamua kusema ndiyo. Anashuka bustanini. Mumewe ameketi kibandani, ameinamisha uso juu ya meza ya mawe, joho la buluu limemfunika. Dorothea anamwambia kwamba amekuja, yuko tayari. Casaubon hasikii, amekwisha kufa, na ndiyo ile aliyokesha nayo haina wa kuipokea.